Aliyekalia Kiti cha Koplo

Ukiingia sebuleni kwa Koplo, kabla hujakaribishwa na watu ungekaribishwa na picha tatu zilizotundikwa ukutani juu ya redio. Mwenye nyumba alikuwa na mazoea ya kukaa akizipa mgongo. Wageni walidhani ni mafunzo ya jeshini, labda askari hufundishwa kutazama mlango. Mkewe alijua kuwa mlango umesingiziwa. Katika picha ya katikati kulikuwa na mtu ambaye Koplo hakuweza kumeza tonge huku akitazamwa naye.

Picha ya kushoto haikuwa na neno. Ni ya harusi. Koplo, ambaye siku hizo alikuwa dereva wa lori la mchanga tu, amevaa suti ya kuazima, na mikono ya koti imekata tamaa katikati ya safari. Bibi harusi amenuna. Walioiona picha walidhani ameozwa kwa nguvu, kumbe ni viatu vilimbana. "Mimi nilikupenda tangu siku ile," alizoea kumwambia mumewe, "ila vidole vya miguu vilichelewa kukubali."

Picha ya kulia ilipigwa Koplo alipokuwa ndiyo kwanza amerudi vitani. Amesimama wima, mkewe yuko kando yake, na katikati yao kuna kitu kama furushi la nguo. Furushi hilo ni binti yao, amejificha kwenye sketi ya mama yake na kugoma kutoa uso. Mpiga picha alimbembeleza kwa pipi, akamwigizia paka, akamwigizia mbuzi. Wapi! Kilichotokea pichani ni kisogo.

Sasa tuje kwenye hiyo ya katikati. Mke wa Koplo amekaa, bado kijana, safari hii na viatu vinavyomtosha. Pembeni kuna kiti cha pili, kile cha studio chenye mikono ya kuchongwa, na kwenye kiti hicho amekaa askari, kofia imemshukia machoni kidogo, anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Binti yao amesimama katikati, mtoto wa miaka miwili, kaweka mkono kwenye goti la askari. Picha nzuri kabisa. Ungeiona ungesema hii ndiyo familia iliyokamilika. Ila huyo askari siye Koplo.

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Lakini wahenga hawakumjua Macho-Hapa.

Macho-Hapa alikuwa mpiga picha mwenye chumba kimoja katika mtaa wa mafundi cherehani, jirani na fundi viatu. Jina lake la kuzaliwa lilishasahaulika, kwani alipaza sauti "Macho hapa!" mara nyingi mno kwa siku, na mkewe alisema hata usingizini anaamrisha. Vita vilipoanza, wanaume wakaondoka, filamu ikawa adimu, naye akabuni kazi. Mama angekuja na watoto, Macho-Hapa angewapanga na kuacha kiti kimoja kitupu. Kisha angechukua picha yoyote ambayo mume ameituma kutoka huko aliko, amkate kwa wembe, ambandike pale kitini kwa gundi, na kuficha kingo kwa brashi na wino. Mama aliyekuja na nusu ya familia alirudi na familia nzima. Ikafika mahali kila nyumba mtaani ilikuwa na baba wa gundi.

Aliyemsukuma mke wa Koplo kwenda huko alikuwa mama mkwe wake, mama mzazi wa Koplo. Bibi yule macho yalikuwa yamefifia, na tangu mwanawe aondoke alikuwa akikisukuma chakula pembeni. "Mimi nimwone tu amekaa na mkewe na mwanawe," alisema, "nijue hajafa. Hiyo ya suti siitaki. Nataka nimwone alivyo sasa."

Katika vita vyote Koplo alituma picha moja tu. Ilikuwa ya vijana sita mbele ya lori lao. Wanne wamesimama katikati, na wawili wamekaa kwenye madebe ya maji, mmoja mwisho huu na mwingine mwisho ule. Mmoja wa hao wawili ni Koplo mwenyewe. Mwingine ni mwenzake wa lori, aliyekaa naye kabini moja mchana na kulala naye chini ya lori usiku. Walimwita Mluzi kwa sababu hakuweza kubadili tairi wala kunyoa ndevu bila kupiga mluzi, na Sajini wao alikuwa amekwisha kumpa adhabu hadi akachoka yeye.

Mke wa Koplo hakutaka kuchafua uso wa mumewe kwa kalamu. Akafanya jambo la busara: akaishika picha kwenye kioo cha dirisha ili mwanga upenye, akaigeuza, na nyuma yake, penye kivuli cha mumewe hasa, akachora alama ndogo kwa penseli. Macho-Hapa akaipokea, akatazama nyuma, akaona alama iko upande wa mkono wake wa kulia. Akaigeuza, akatafuta upande wa kulia. Ni kama mtu anayevaa shati ndani nje, halafu anashangaa mfuko umehamia wapi. Akashika wembe.

Siku ya kuchukua picha, mke wa Koplo aliinamia meza na kutazama kwa muda.

"Huyu siye," akasema.

"Siye nani?"

"Siye mume wangu."

Macho-Hapa alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Mama, vita vinabadilisha watu. Mtazame vizuri."

"Vita vinabadilisha pua?"

Alama ilipoangaliwa upya, Macho-Hapa aliona kuwa amemkata aliyekaa mwisho mwingine. Filamu ilikuwa imekwisha na nyingine haijulikani itakuja lini. Je, masalio ya ile picha ya lori? Yalikuwa yamefagiwa pamoja na vumbi la juzi na kuteketezwa jalalani. Koplo wa kweli alikuwa ameungua pamoja na maganda ya machungwa. Macho-Hapa akaomba radhi mpaka akamaliza maneno, na mke wa Koplo akaondoka na picha, akinuia kuificha chini ya godoro.

Hakufika kwenye godoro. Mama mkwe alikuwa mlangoni, mikono imetangulia mbele. Akaipokea, akaisogeza hadi ikakaribia kugusa kope, akaipapasa. "Amekonda," akasema. "Lakini ni yeye." Jioni hiyo akaomba uji, akaunywa, akaomba tena. Sasa hebu niambie, ungekuwa wewe ungemwambia nini bibi anayelamba bakuli? Mkwewe aligonga msumari ukutani, akatundika.

Bibi alikufa kabla ya vita kwisha, ameridhika. Lakini kabla ya kufa alikuwa amefanya kazi moja kwa bidii. Alikuwa akimpakata mjukuu wake na kumuuliza, "Baba yuko wapi? Baba yuko wapi?" mpaka kidole kidogo kikajifunza njia ya kwenda ukutani.

Koplo alirudi bila taarifa, kama wanajeshi wanavyorudi, akiwa na begi moja na kikohozi. Akafungua mlango, akainua macho, na pale kwenye kiti alimkuta Mluzi amefika kabla yake.

Wakati huo Mluzi alikuwa ameshazikwa. Koplo ndiye aliyemzika.

Alikaa chini, sakafuni, na begi lake mgongoni. Mkewe alitoka jikoni, akalia, akacheka, kisha akaanza kueleza habari za penseli na kioo cha dirisha, akitarajia kuwa mumewe naye atacheka, maana kweli kisa chenyewe ni cha kuchekesha. Koplo hakucheka. Mkewe aliponyoosha mkono kuiteremsha picha, akamzuia.

"Usimtoe."

"Basi niigeuze tu?"

"Nimesema usimtoe."

Sababu aliijua mwenyewe na hakumwambia mtu. Mkewe akaona hayo ni ya vita, yatapita. Hayakupita. Koplo alihamisha kiti chake, akaupa ukuta mgongo, na maisha yakaendelea namna hiyo, watu wanne nyumbani, mmoja wa karatasi.

Binti naye alikuwa na lake. Siku za mwanzo alimvumilia yule mwanaume mwenye kikohozi, kisha akamuuliza mama yake kwa sauti ambayo Koplo aliisikia vizuri: "Mama, mgeni anaondoka lini?" Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Koplo alipewa jembe, akalima, na mgeni akabaki mgeni. Alipoambiwa kuwa huyu ndiye baba, mtoto alielekeza kidole ukutani, taratibu, kama mtu anayemsaidia mjinga. "Baba yule."

Alipokuwa mkubwa kidogo alielewa, maana hakuwa mjinga. Lakini neno lilikuwa limeshaganda. Alimwita Koplo, kama mtaa mzima ulivyomwita. Alikuwa mtoto mwenye adabu: alimletea maji ya kunawa, alimwamkia asubuhi, alimfulia soksi. "Shikamoo Koplo." Majirani walicheka, na Koplo alicheka nao. Usiniulize moyoni mwake kulikuwaje. Kulikuwa kubaya.

Alipata kazi ya kuendesha gari la mikate. Kabla jua halijachomoza alikuwa kiwandani akipakia trei za mbao, mikate bado ina joto na inatoa jasho ndani ya karatasi zake, kisha anazunguka duka kwa duka hadi gari linabaki na harufu tu. Alikuwa dereva mzuri, na kasoro yake ilikuwa moja: alibeba madebe ya maji. Mawili nyuma ya kiti, moja miguuni, na jingine katikati ya mikate. "Koplo," wenye maduka walimtania, "siku hizi unauza mikate au maji?" Meneja alimkanya, kwamba debe moja linatosha rejeta yoyote duniani. Koplo aliitikia "Sawa bosi," akapunguza debe, na kesho yake akalirudisha.

Na nyumbani kwake hakuna mtu aliyeruhusiwa kupiga mluzi. Hilo ndilo lilikuwa katazo lake pekee. Wakati mwingine gari likiwa tupu, katika barabara iliyonyooka, aliusikia mluzi kiti cha pili, wimbo uleule usio na mwisho wala maneno. Alijua ni upepo kwenye mpira wa dirisha. Alibadilisha mpira, na bado ukaja. Kuusikia hakukumtisha, karibu aupende. Kilichomtoa jasho ni pale mluzi unapokatika.

Binti alipokuwa anakaribia kumaliza darasa la tano, asubuhi moja ya mapumziko, mtu akabisha hodi. Alikuwa mama mtu mzima, mfupi, na mfuko wa kitambaa begani, vumbi la safari hadi magotini.

"Karibu mama. Shikamoo," alisema mke wa Koplo.

"Marahaba, mwanangu. Hapa ndipo kwa yule Koplo aliyekuwa akiendesha lori vitani?"

"Ndipo. Pita ndani."

Koplo alikuwa anakunywa chai, mgongo ukutani kama kawaida. Alipoinuka kumwamkia mgeni, ukuta ukabaki wazi. Yule mama alimpita na mkono wake ulionyooshwa, akaupita mkono na chai na meza, akaenda kusimama mbele ya picha ya katikati.

"Mbona mwanangu yuko kwako?" akauliza.

Alitazama picha, akamtazama mke wa Koplo, akamtazama binti aliyekuwa akipanga vyombo, na uso wake ukaanza kufunguka. "Alioa? Hakuniambia! Wewe ndiye mkwe wangu? Na huyu... huyu ni..."

Mke wa Koplo aliweka chini sinia. Hilo ni jambo gumu kuliko yote aliyofanya katika ndoa yake, alisema baadaye, kuzima uso ule. "Hapana, mama. Mimi ni mke wa huyu hapa. Na mtoto ni wa huyu hapa." Kisha akaeleza, kwa aibu, maneno yakijikwaa: picha ya lori, penseli, dirisha, gundi. Mgeni alisikiliza mpaka mwisho, akacheka kicheko kifupi kilichokauka.

"Basi ni yeye kweli. Tangu utotoni alikuwa hodari wa kukalia viti vya watu."

Wakamkalisha. Akasema nyumba yake iliungua, na ndani yake iliungua picha pekee aliyokuwa nayo ya mwanawe. Askari mmoja wa zamani akamwambia kuwa Koplo alipata nakala ya picha ya lori. "Sikuja kudai kitu, mwanangu. Ni kwamba nimeanza kuusahau uso wake. Nikifumba macho kumtafuta, anakuja kaka yake. Nikasema niende nimtazame, nijaze macho, nirudi zangu."

Kisha akamgeukia Koplo. "Siku ile alikuwa na nani?"

"Alikuwa na mimi, mama."

Jibu lilitoka haraka mno. Mkewe alimtazama. Miaka yote hiyo hakuwahi kupata hata sentensi hiyo moja.

Yule mama alikigeuza kiti chake kielekee ukutani, akakaa. Chai ikapoa. Alipoona muda wa basi lake unakaribia, aliinuka, akagusa kioo kwa ncha ya kidole, akamwambia mwanawe, "Haya. Baki salama." Akachukua mfuko wake.

Hapo Koplo akashindwa. Aliona yule mwanamke anaelekea mlangoni na Mluzi anabaki tena nyuma, na kitu kilichokuwa kimesimama kifuani mwake tangu vitani kikakaa chini. "Huwezi kumwacha, mama," akasema, na akaiteremsha picha msumarini.

"Unaipeleka wapi?" mkewe akauliza.

"Kwa Macho-Hapa. Amtoe."

"Akate picha yangu? Baba watoto, hiyo ndiyo picha mama yako aliyonishukuru kwayo. Hakuwahi kunishukuru kwa kingine!"

"Najua."

"Basi si apige nakala tu?"

Koplo alikuwa amekwisha kutoka. Binti alimfuata, labda kwa udadisi tu. Mama Mluzi akafuata nyuma, hajaelewa vizuri anakopelekwa.

Macho-Hapa alikuwa amezeeka, miwani imefungwa kwa waya, lakini alipoiona kazi yake aliipokea kwa mikono miwili. "Tazama gundi hiyo! Haijainuka hata ukingo!" Alipoambiwa kinachotakiwa, naye akasema yaleyale ya nakala: anaweza kupiga picha ya picha, askari akabaki huku na akaenda kule.

"Ameshakaa mahali pawili muda mrefu," Koplo akasema. "Sasa aende kwao. Aende yeye mwenyewe, si kivuli chake."

Chumba kilikuwa kidogo, kwa hiyo Mama Mluzi alikuwa ameketi nje, kwenye benchi la fundi viatu. Macho-Hapa akaitoa picha kwenye fremu, akaichunguza kwa lenzi, akaguna.

"Kuna tatizo. Huu mkono wa mtoto. Mama yake alimwambia aushike mkono wa kiti. Mimi nilichana kando ya vidole kwa wembe, goti nikalipitisha chini yake, ili ionekane anamshika baba yake. Kazi safi sana ile. Sasa vimeshikana, na gundi haibanduki, itabidi nikate karatasi zote mbili. Nikimtoa huyu, mkono unaondoka naye."

Koplo akamtazama binti. "Ni mkono wako. Sema wewe."

Binti aliutazama mkono wa pichani, kisha wake, akainua bega. "Si ninao hapa?"

Macho-Hapa akafungua wembe mpya. Koplo hakuweza kutazama. Alitoka nje akakaa kwenye benchi, karibu na yule mama. Fundi viatu alikuwa anagonga kisigino. Akamaliza kugonga, akaanza kushona, na pakawa kimya.

"Ulisema alikuwa na wewe," Mama Mluzi akasema, bila kumtazama. "Alisema nini mwishoni?"

Angeweza kusema lolote. Maneno mazuri yapo mengi, na wafu hawakanushi. Alikuwa ameyaandaa miaka mingi, kwa siku kama hii hasa. Akafungua mdomo na yakatoka mengine.

"Lori letu lilikanyaga bomu la ardhini. Mimi nilichubuka tu. Yeye aliumia hapa." Akaonyesha tumboni mwake. "Akataka maji. Madebe yote yalikuwa yametoboka, hata rejeta ilimwagika. Tulikuwa tumepita kijito huko nyuma. Akaniambia, nenda Koplo, mimi nitapiga mluzi, ukiusikia ujue bado nipo. Nikaenda. Nikawa nausikia. Niko mbali, nausikia. Nikafika kwenye maji, nikajaza kofia na buti moja, nausikia. Nikaanza kurudi."

Akatazama viganja vyake.

"Katikati ya njia ukakatika. Nikakimbia. Maji yote yakamwagika, mama. Nilifika na buti tupu." Akajifuta uso kwa kiganja. "Hakuwa na mimi. Hakuwa na mtu. Alikuwa peke yake."

"Peke yake," alisema yule mama. Alikunja kitambaa cha mfuko wake, akakikunjua. "Mwanangu aliyekuwa haendi hata msalani mpaka kaka yake amsindikize."

Koplo aliinamisha kichwa. Alipoinua kichwa, binti yake alikuwa amesimama mlangoni mwa studio, na hakuna aliyejua amesimama hapo tangu lini. Mikononi alishika kipande cha kadibodi kilichofungwa kwa karatasi ya khaki. Akamsogelea mgeni, akapiga goti kidogo, akampa kwa mikono miwili.

Mama Mluzi alifungua karatasi. Mwanawe alikuwa humo, amekatwa vizuri na kubandikwa upya, na kofia yake na tabasamu lake la upande. Alimtazama muda mrefu, midomo ikicheza. Kisha akaona kitu, akasogeza picha karibu. Kwenye goti la mwanawe kulikuwa na mkono mdogo, umeishia kwenye kiwiko cha hewa, vidole vinne na gumba vimeshika suruali ya jeshi.

"Na huu mkono? Wa nani?"

"Wangu, bibi," alisema binti.

Akaunyoosha. Mama Mluzi aliushika, akaugeuza juu, akaugeuza chini, akaulinganisha na ule wa pichani kama mtu anayepima kiatu. Mkono ulikuwa umekua, lakini ulikuwa uleule, hata gumba lile lililopinda. Hakuuachia. Aliushika pale benchini, na Koplo alimwona anainama, anauweka shavuni.

"Basi yuko aliyemshika," akasema. "Hakukaa peke yake."

Walimsindikiza hadi basini. Aliingia na picha kifuani na hakuwapungia, maana mikono yote miwili ilikuwa na kazi. Waliporudi studio kuchukua fremu, Macho-Hapa alikuwa ameshairudishia kioo. Mke wa Koplo alikuwamo, kijana na mzuri, akitabasamu kando ya tundu lenye umbo la mtu. Kupitia tundu hilo ulionekana ubao wa nyuma. Mtoto aliyesimama kando ya tundu mkono wake uliishia kwenye kiwiko.

"Na hapa?" Macho-Hapa aliuliza, akigonga kioo kwa kucha. "Nikukalishe wewe? Safari hii sikosei, nakuona kwa macho yangu."

"Hapana," Koplo akasema. "Paache."

Akaibana fremu kwapani, akatoka. Nje fundi viatu alikuwa anafunga sanduku lake la misumari, na upepo ulikuwa unavuma kwenye mabati ya paa. Ukavuma hivyo, mwembamba, kisha ukakatika. Koplo alisimama palepale katikati ya njia, jasho limemtoka, akisikiliza.

"Baba," binti akasema, "twende."

Koplo aligeuka kutazama nyuma, aone ni nani anayeitwa.